LSU 2019: Ubingwa wa Watu, Si wa Mfumo

Septemba 7, 2019, mjini Austin, Texas. Zimebaki kama dakika mbili na nusu. LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, wanaongoza 37-31 ugenini, na wenyeji Texas wameshapata moto. LSU wana mpira, ni jaribio la tatu, na wanahitaji yadi 17. Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu: katika futiboli ya Kimarekani timu hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10. Ukifika jaribio la tatu na yadi 17 bado zinakudai, kocha wa kawaida hukimbiza mpira katikati ili kula sekunde, kisha kwenye jaribio la nne anaupiga mbali na kuiachia safu ya ulinzi kazi. LSU tuliyoizoea ingefanya hivyo bila kufikiri mara mbili.

Joe Burrow, kwotabeki wa LSU, yaani mwongoza mashambulizi na mrushaji wa pasi, akarudi nyuma na mpira. Texas wakarusha watu kumvamia. Akajisogeza mbele kidogo kuwakwepa, mwili ukiwa haujakaa sawa, akaurusha. Mpokeaji Justin Jefferson akaudaka katikati ya uwanja, akageuka, na hakuna aliyemshika tena. Yadi 61, tachidauni, yaani mpira umefikishwa eneo la mwisho kwa pointi sita. Mechi ikaisha 45-38.

Mengi yameandikwa kuhusu msimu ule. LSU walicheza mechi 15, wakashinda zote 15, wakafunga pointi 726 na kubeba ubingwa wa taifa wa vyuo. Kila inapotengenezwa orodha ya vikosi bora vya vyuo vya karne hii wamo juu kabisa, na sababu zinazotajwa ni zilezile: uwekezaji, vipaji vya Louisiana, utamaduni wa kushinda, mfumo. Mimi sioni mfumo. Ninaona watu wanne au watano waliokutana mahali pamoja kwa miezi kumi na mbili, wakafanya jambo ambalo chuo chenyewe hakikulielewa vya kutosha kulirudia.

Tuanze na hoja ya vipaji. Mwaka 2018 LSU walikuwa na kwotabeki yuleyule, Burrow. Walikuwa na Jefferson, mpokeaji Ja'Marr Chase, mkimbiaji Clyde Edwards-Helaire. Kocha mkuu alikuwa Ed Orgeron, na mratibu wa mashambulizi alikuwa Steve Ensminger. Wakashinda mechi 10, wakapoteza 3, na wastani wao ulikuwa kama pointi 32 kwa mechi. Mwaka mmoja baadaye, watu walewale walifunga wastani wa pointi 48. Burrow alikuwa amerusha tachidauni 16 mwaka 2018. Mwaka 2019 alirusha 60. Pasi zake zilizofika zilipanda kutoka chini ya asilimia 58 hadi asilimia 76.3. Si mara nyingi mchezo unakupa kipimo safi namna hii, kikosi kilekile kwa sehemu kubwa, rangi zilezile za zambarau na dhahabu, halafu matokeo ya dunia nyingine. Na kama vipaji vya Louisiana peke yake vingetosha, wapokeaji Odell Beckham Jr. na Jarvis Landry walicheza pamoja Baton Rouge, mji wa LSU, hadi 2013 na hawakuondoka na ubingwa.

Kilichobadilika ni fikra, na hapa ndipo penye utamu.

Kwa miaka mingi LSU iliabudu nguvu. Falsafa yao ilikuwa ulinzi wa chuma, kukimbiza mpira katikati, na kurusha pale tu unapolazimika. Falsafa hiyo iliwapa mengi, usiidharau. Lakini ilikuwa na ukuta, na ukuta huo uliitwa Alabama, wapinzani wao wa ligi ileile. Novemba 2011 timu hizo mbili zilikutana zikiwa namba moja na namba mbili, na LSU wakashinda 9-6 katika muda wa nyongeza bila upande wowote kufunga tachidauni hata moja. Januari 2012 wakarudiana kwenye fainali ya taifa, New Orleans. LSU walikuwa hawajapoteza mechi msimu mzima. Wakachapwa 21-0, wakapata yadi 92 tu, na mechi nzima walivuka nusu ya uwanja mara moja. Tangu siku hiyo walifungwa na Alabama mara nane mfululizo. Ya nane ilikuwa Novemba 2018, nyumbani, mbele ya umati wa uwanja unaoingiza zaidi ya watu 100,000: 29-0.

Sasa mtazame Orgeron. Ni mtu wa Larose, kijiji cha kusini mwa Louisiana kando ya Bayou Lafourche, mwenye sauti ya mkwaruzo kama injini ya boti. Aliwahi kupewa timu ya Ole Miss, Chuo Kikuu cha Mississippi, akaivuruga: misimu mitatu, ushindi 10, vipigo 25, akafungashiwa virago 2007. Akazunguka kama msaidizi, akashika timu ya chuo cha USC, California, kwa muda 2013 na hawakumpa kazi ya kudumu. LSU walimkabidhi timu Septemba 2016 baada ya kumtimua Les Miles, kwa muda kwanza, kisha rasmi. Mwaka 2017 akafungwa nyumbani na Troy, timu ambayo LSU huialika ili kujinoa. Mtu wa historia hiyo anapopata kazi ya ndoto zake jimboni kwao, silika humwambia ashikilie usukani kwa mikono miwili. Na kweli alijaribu kubadilisha mashambulizi mara moja kwa kumleta Matt Canada, wakaachana baada ya msimu mmoja.

Alichofanya Januari 2019 ni kumchukua Joe Brady, kijana ambaye hata miaka 30 hakuwa ametimiza, kutoka New Orleans Saints, timu ya NFL, ligi ya kulipwa, umbali wa kilomita kama 130 tu. Brady alikuwa msaidizi mdogo pale. Kabla ya hapo alikuwa chuo cha Penn State, akijifunza kwa kocha Joe Moorhead zile mbinu ambazo kwotabeki huamua papo hapo kama ampe mkimbiaji mpira au arushe, kwa kumsoma beki mmoja tu. Kwa Saints alibeba ramani za pasi. Akavichanganya.

Kwa lugha ya uwanjani ilikuwa hivi. Badala ya kuwabana watu karibu na mpira, LSU waliwatawanya wapokeaji watano kutoka mstari wa pembeni hadi mstari wa pembeni, mara nyingi bila mkimbiaji hata mmoja kubaki kando ya kwotabeki. Mpinzani anajikuta njia panda. Akituma watu sita kumvamia Burrow, kuna mtu atabaki peke yake huko nje. Akiwarudisha watu kulinda pasi, katikati panakuwa wazi na Edwards-Helaire, mfupi, mzito wa mapaja, anapita. Gharama ya mpango huo ni kwamba kwotabeki analindwa na watu watano tu, kwa hiyo lazima ajue mpira unakwenda wapi kabla hata hajaupokea. Safu ile ya watu watano ilichukua tuzo ya Joe Moore, ya safu bora ya mbele nchini, na sehemu ya sifa hiyo ni ya Burrow kwa sababu hakuwachelewesha.

Ensminger anasahaulika kwenye simulizi hii, na si haki. Alikuwa mzee kwa Brady kwa zaidi ya miaka thelathini, mzaliwa wa Baton Rouge, kwotabeki wa zamani wa chuo hichohicho. Cheo chake kilikuwa kikubwa kuliko cha Brady na yeye ndiye aliyeendelea kuita michezo. Angeweza kumkalia kijana yule kooni, na kwenye mabenchi ya ufundi tunayoyajua, huko na huku kwetu, ndivyo inavyotokea mara tisa kati ya kumi. Hakufanya hivyo. Ukiniuliza ushindi mkubwa wa LSU mwaka ule ulipatikana wapi, nitakwambia ulipatikana ndani ya chumba cha mikutano cha makocha, kabla ya Agosti.

Burrow mwenyewe alifika pale kama mtu aliyekosa nafasi. Alikaa Ohio State misimu mitatu akisubiri, akavunjika mkono Agosti 2017, nafasi ikaenda kwa Dwayne Haskins. Alichokuwa nacho ni shahada, aliyoimaliza kwa miaka mitatu, na kwa kanuni za wakati ule mhitimu aliweza kuhama na kucheza mara moja. Baba yake, Jimmy, alikuwa mratibu wa ulinzi wa Chuo Kikuu cha Ohio, kwa hiyo mtoto alikua akitazama mchezo kwa macho ya walinzi. Mkono wake si wa ajabu. Wapo wanaorusha mbali na kwa kasi zaidi. Ila wapinzani walipojificha, yeye aliona wamejificha wapi.

Hawakuwa timu isiyo na doa, na hapa mashabiki wa LSU hunikasirikia. Vanderbilt, dhaifu kuliko wengi, waliwafunga pointi 38. Ole Miss walipata zaidi ya yadi 400 kwa kukimbia tu, kwotabeki wao chipukizi John Rhys Plumlee akichukua 212 peke yake. Auburn ndio waliokaribia kupata dawa: waliweka watu watatu tu mbele, wakawarudisha wanane kulinda pasi, na kuwalazimisha LSU kusogea taratibu badala ya kuruka. LSU walivuna yadi zaidi ya 500 lakini wakaambulia ushindi wa 23-20. Ni mechi pekee msimu ule ambayo hawakufikisha pointi 36. Safu ya ulinzi ya Dave Aranda ilikuja kukaa sawa Novemba mwishoni, wakati Grant Delpit na chipukizi Derek Stingley Jr. walipoanza kufunga milango. Texas A&M walipata 7, Georgia kwenye fainali ya SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki, wakapata 10.

Lakini mechi ya msimu ni ya Novemba 9, Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama. Rais Donald Trump yupo jukwaani. LSU wanakwenda mapumziko wakiongoza 33-13, na kila mwenye kumbukumbu ya miaka minane anajua bado haijaisha. Haikuisha. Alabama ya Tua Tagovailoa ikarudi 33-27, kisha ikawa 39-34. Dakika za lala salama, LSU wanaongoza kwa pointi tano tu. LSU ya zamani hapo ingebana pumzi na kuomba Mungu. Burrow akaendelea kushambulia, kwa mkono na kwa miguu, mpaka Edwards-Helaire akaingia na mpira kwa mara nyingine. Alikuwa na tachidauni nne siku hiyo. Alabama wakajibu kwa pasi moja ya yadi 85, lakini muda ulishawatupa mkono: 46-41. Linganisha na ile 9-6 ya mwaka 2011. Timu zilezile mbili, miaka minane kati yake, na huhitaji mchambuzi akueleze kilichotokea.

Desemba, Burrow alichukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, kwa kura 841 za nafasi ya kwanza na kwa tofauti kubwa kuliko zote zilizowahi kuwapo. Kwenye hotuba alizungumzia watoto wa kaunti ya Athens, Ohio, alikokulia, wanaorudi nyumbani kukiwa na chakula kidogo mezani. Siku chache baadaye michango ya benki ya chakula ya eneo lile ilikuwa imevuka dola 500,000.

Desemba 28 asubuhi, saa chache kabla ya nusu fainali, mkwe wa Ensminger, mke wa mwanawe, alifariki katika ajali ya ndege ndogo huko Lafayette akielekea Atlanta kuitazama mechi hiyo. Ensminger alikwenda kazini. Mpango alioutekeleza siku ile ulizaa tachidauni saba za pasi katika nusu ya kwanza, nne kwa Jefferson. Oklahoma walikuwa wamekwisha wakati wa mapumziko, 49-14, na mechi ikafungwa 63-28.

Fainali dhidi ya Clemson, Januari 13, 2020, ilichezwa Superdome, ukumbi uleule wa aibu ya 2012. Haki itendeke: kucheza fainali jijini New Orleans ni kama kucheza nyumbani, na Clemson walikuwa na sababu ya kulalamika. Hata hivyo hawakuwa wanyonge. Walikuja na ushindi 29 mfululizo na kwotabeki, Trevor Lawrence, ambaye hadi siku hiyo hakuwa amepoteza mechi aliyoanza chuoni. Wakaongoza 17-7. Kwa robo nzima mratibu wao Brent Venables alikuwa akimchanganya Burrow kwa kubadilisha sura ya ulinzi sekunde ya mwisho. Kisha Burrow akaanza kumtafuta Chase pembeni, mtu kwa mtu, na pale ikawa balaa. Chase alimaliza na yadi 221. Burrow: yadi 463, tachidauni tano za pasi na moja ya miguu yake. 42-25.

Hapo simulizi nyingi huishia. Hoja yangu inaanzia hapo.

Siku zilizofuata Brady alikwenda Carolina Panthers ya NFL. Aranda akapewa ukocha mkuu Baylor. Ensminger hakudumu zaidi ya msimu mmoja. Wachezaji 14 walichukuliwa kwenye drafti ya NFL ya 2020, ambako klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, watano katika raundi ya kwanza, Burrow akiwa namba moja. Chase akaamua kutocheza msimu wa corona. Orgeron akapewa mkataba mpya wa miaka sita wa takriban dola milioni 42, maana chuo kiliamini kimepata mfumo na mwenye mfumo ndiye huyu. Mechi ya kwanza ya kutetea taji, Septemba 2020, Mississippi State walikuja Baton Rouge na kurusha yadi 623, rekodi ya SEC. LSU wakafungwa 44-34, wakamaliza 5-5. Mwaka uliofuata wakamaliza ligi 6-6 na Orgeron akaonyeshwa mlango na kiinua mgongo cha karibu dola milioni 17. Kutoka ubingwa bila kufungwa hadi kulipwa uondoke, haikufika hata miaka miwili hadi uamuzi ulipotangazwa.

Mfumo hauporomoki hivyo. Mfumo ukiondokewa na msaidizi wa miaka 30 unatafuta mwingine na maisha yanaendelea, ndivyo Nick Saban alivyofanya Alabama kwa zaidi ya muongo. LSU waliporomoka kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa kimeondoka na wenyewe.

Na kilichokuwapo kama mfumo, pale chuoni, hakikuwa cha kujivunia. Ripoti ya kampuni ya mawakili iliyotolewa Machi 2021 ilionyesha jinsi chuo kilivyoshindwa kwa miaka kushughulikia ipasavyo malalamiko ya unyanyasaji wa kingono, yakiwamo yaliyowahusu wachezaji wa timu hii. Anayeuandika msimu wa 2019 kama hadithi ya taasisi bora anapaswa kuieleza pia taasisi hiyo.

Kisha kuna fedha. Usiku wa ubingwa Beckham, akiwa ni nyota wa NFL, alionekana uwanjani akiwagawia wachezaji noti, ikazuka zogo la nchi nzima. Leo zogo lile linachekesha. Tangu Julai 2021 wanachuo wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia wanamichezo fedha, kikomo cha mwaka wa kwanza kikiwa dola milioni 20.5 kwa kila chuo, huku uhuru wa kuhama ukiwa mkubwa kuliko ule wa Burrow. Ni haki yao, na ilichelewa. Ila nauliza: Jefferson, ambaye mwaka wake wa kwanza hakudaka hata pasi moja, angevumilia? Na Chase, baada ya pasi 23 tu mwaka 2018, angeachwa atulie na wakala wa chuo kingine? Ule umoja wa 2019 ulihitaji watu wabaki mahali pamoja mpaka wakomae, na soko la leo halina subira hiyo.

LSU wamejaribu njia ya fedha. Walimleta Brian Kelly kwa mkataba wa miaka 10, wenye thamani ya karibu dola milioni 95. Akapata kwotabeki mwingine wa kuhamia, Jayden Daniels, naye akatwaa Heisman mwaka 2023. Kelly akatimuliwa Oktoba 2025 bila kuifikisha timu kwenye mchujo wa taifa hata mara moja, na sasa zamu ni ya Lane Kiffin.

Burrow naye alikwenda Cincinnati Bengals, timu iliyokuwa imetoka kushinda mechi 2 na kufungwa 14. Msimu wa kwanza akaumia goti vibaya. Mwaka 2021 klabu ilikuwa na nafasi ya tano kwenye drafti, na wengi walitaka inunue ulinzi wa kumkinga. Wakamchukua Chase. Februari 2022 wawili hao walikuwa wanacheza Super Bowl, fainali ya NFL, na wakaikosa kwa pointi tatu, 23-20, mbele ya Los Angeles Rams. Tachidauni ya kwanza ya usiku ule ilifungwa na mchezaji wa Rams, Beckham.